Nani Atamsemea Aliyerudishwa Nusu? Hotuba Kuhusu Sayansi ya Kuwafufua Wafu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wauguzi na madaktari wanafunzi, mashekhe, wachungaji, na ninyi nyote mliofika kusikiliza.

Nimeombwa nizungumzie juhudi za kisayansi za kuwarudishia uhai waliokufa, na niseme kama wasiwasi unaotupata tunaposikia habari hizo una uzito wowote au ni hofu tu isiyo na msingi. Msimamo wangu nitauweka wazi tangu mwanzo, ili mnisikilize mkijua ninakoelekea. Naamini wasiwasi huo ni wa haki, ila kiini chake hakipo pale ambapo wengi hudhani kipo. Kurudi kwa mfu akiwa mzima hakututishi. Mama aliyefiwa na mwanawe angelipokea jambo hilo kwa mikono miwili. Kinachotutisha ni kurudi nusu, yaani kupatikana kwa kiumbe asiyehesabiwa pamoja na walio hai wala pamoja na maiti, ambaye hakuna sheria, ndugu wala daktari mwenye wajibu wa kumsemea.

Mwezi Aprili 2019 jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakiongozwa na Nenad Sestan. Walichukua vichwa vya nguruwe kutoka machinjioni, nguruwe waliokuwa wamechinjwa kwa ajili ya kitoweo kama ilivyo kila siku. Ubongo ulitolewa ndani ya fuvu, na saa nne baada ya mnyama kufa mishipa yake iliunganishwa na mtambo wa pampu, vichujio na kipasha joto, uliokuwa ukisukuma humo kiowevu kisicho na seli za damu lakini chenye himoglobini ya kubeba oksijeni, virutubisho, na dawa za kuzuia seli zisiendelee kuharibika. Bongo 32 zilitumika. Kwa muda wa saa sita mishipa midogo ilipitisha kiowevu hicho, seli zilitumia sukari na oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, na kuta za mishipa ziliitikia dawa. Vipande vilivyokatwa baadaye vilikuwa na seli za neva zilizoweza kutoa umeme. Kitu kimoja hakikuonekana hata mara moja, nacho ni ile mikondo ya umeme ya ubongo mzima inayoambatana na fahamu.

Kuna jambo katika kazi hiyo ambalo naomba mlitazame kwa karibu, maana magazeti mengi yalilipita haraka. Ndani ya kiowevu kile watafiti walikuwa wametia dawa ya kutuliza seli za neva zisisisimke. Zaidi ya hapo, walikuwa na dawa ya usingizi tayari, ili dalili ya fahamu ikijitokeza tu, waizime papo hapo kwa dawa hiyo na kwa kuupoza ubongo. Kichwa kimetoka machinjioni, kimekatwa, mwili wake umekwisha kwenda buchani, na bado wanasayansi wenye akili timamu na nia njema wanakaa karibu nacho wakiwa na dawa ya kukilaza. Nawasifu kwa tahadhari hiyo. Lakini tahadhari hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba hawakuwa na hakika kilichokuwa mbele yao kingebaki kuwa nyama.

Sasa ulizeni ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya kile kichwa. Kanuni za kuwalinda wanyama wa maabara humlinda mnyama aliye hai. Mnyama aliyekwisha kuchinjwa hazimhusu, kwa kuwa aliyezitunga hakuwaza kwamba maiti inaweza kuanza kurudi. Pengo hilo lilitajwa katika toleo lilelile la Nature na wataalamu wa sheria na maadili, wakiwamo Nita Farahany wa Chuo Kikuu cha Duke na Henry Greely wa Stanford. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2022, kundi lilelile la Yale lilitoa matokeo ya mtambo mkubwa zaidi, uliounganishwa na mwili mzima wa nguruwe saa moja baada ya moyo wake kusimamishwa. Seli za moyo, ini na figo zilianza tena kazi zake, na moyo ukaonyesha umeme na kujikunja. Nguruwe walipodungwa dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, vichwa na shingo zao vilitikisika. Watafiti walieleza kwamba hapakuwa na dalili yoyote ya fahamu, nami sina sababu ya kutowaamini. Ila maiti inayotikisa shingo haiondolewi moyoni mwa aliyeiona kwa maelezo peke yake.

Mambo haya yana ukoo mrefu. Mwezi Januari 1803, jijini London, mtu mmoja aitwaye George Forster alinyongwa katika gereza la Newgate kwa kosa la kumuua mkewe na mtoto wao. Maiti yake ilikabidhiwa kwa Giovanni Aldini, mpwa wa yule Luigi Galvani wa Bologna aliyechezesha miguu ya vyura kwa umeme. Mbele ya madaktari wa upasuaji Aldini aliweka nyaya za betri usoni, taya likatetemeka, misuli ya uso ikapinda, na jicho moja likafunguka. Alipohamisha nyaya, mkono wa kulia uliinuka na ngumi ikafumbwa. Mwaka 1818 huko Glasgow, Andrew Ure alifanya kama hayo kwa mwili wa Matthew Clydesdale, naye akaandika kwamba sura ya maiti ilipitia hasira, hofu, kukata tamaa na tabasamu la kutisha, hata baadhi ya watazamaji wakatoka nje na mmoja akazimia.

Wote wawili walikuwa watu waliohukumiwa kifo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1752 ilikataza muuaji asizikwe kabla mwili wake haujapasuliwa au kutundikwa hadharani, na makusudi yake yalikuwa kuifanya adhabu ya kunyongwa iwe nzito zaidi. Kwa maneno mengine, miili hiyo ambayo sayansi ya kufufua iliigusa kwa umeme ililetwa mezani kama sehemu ya hukumu. Mwenye mwili hakuulizwa, wala aliyemtoa hakuona haja ya kumuuliza.

Nisieleweke vibaya. Kazi ya kuwarudisha watu kutoka ukingoni mwa kifo ni miongoni mwa kazi tukufu kuliko zote ambazo binadamu amejifunza, na nusu ya mliomo humu mmeisomea. Mwaka 1767 wakazi wa Amsterdam walianzisha chama cha kuwaokoa waliozama kwenye mifereji, wakiwapasha joto na kuwapulizia pumzi, pamoja na mambo mengine ambayo leo tumeyaacha, kama vile kuwaingizia moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Watu wa wakati huo waliokuwa wakiamini kwamba asiyepumua amekwisha kufa walilazimika kubadili mawazo. Mwaka 1960 madaktari wa Johns Hopkins walionyesha kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono, bila kukipasua. Mwaka 1999, nchini Norway, daktari aitwaye Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80, na joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7. Moyo wake ulikuwa umesimama. Hospitali ya Tromsø ilimpasha damu joto polepole kwa mashine, akapona, na baadaye akafanya kazi ya udaktari katika hospitali hiyohiyo.

Kwa hiyo asiwepo wa kuniambia kwamba mpaka wa kifo umechorwa mara moja tu na kila anayeusogeza anamwingilia Mungu kazi yake. Mpaka huo umesogezwa mara nyingi, na kila uliposogezwa kuna watu waliorudi nyumbani kula chakula cha jioni na watoto wao. Lakini angalieni tofauti. Bågenholm alirudi na akili zake timamu, na waliomhudumia walikuwa wakimtibu yeye, kwa faida yake, wakiwa tayari kujibu mbele yake na mbele ya jamaa zake. Katika meza ya Aldini aliyelala hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote.

Hali ya katikati tunayoihofia haikuanzia Yale. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipatwa na polio kali iliyolemaza misuli ya kupumua, na daktari wa usingizi Bjørn Ibsen akashauri wagonjwa wapigwe tundu kooni na kupuliziwa hewa kwa mfuko wa mpira. Mashine hazikutosha. Wanafunzi wapatao 1,500, vijana kama ninyi, walikaa kwa zamu kando ya vitanda wakiminya mifuko hiyo kwa mikono usiku na mchana, kwa majuma mengi, na maisha ya wengi yakaokoka. Kutokana na kazi hiyo tukapata vyumba vya wagonjwa mahututi. Na humo ndani ya vyumba hivyo ndimo alimopatikana mgonjwa wa aina mpya, ambaye kifua chake kinapanda na kushuka kwa nguvu za mashine huku ubongo wake ukiwa umekwisha kabisa. Madaktari wa Ufaransa walimweleza mwaka 1959. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza kwamba mtu wa namna hiyo ahesabiwe kuwa amekufa, na haikuficha kwamba moja ya sababu zake ilikuwa mabishano juu ya kupata viungo vya kupandikiza. Desemba ya mwaka uliotangulia, mjini Cape Town, Christiaan Barnard alikuwa amekwisha kuhamisha moyo wa binti aliyegongwa na gari kwenda kifuani mwa Louis Washkansky, aliyeishi siku 18.

Viongozi wa dini hawakukaa kimya. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hawalazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na kwamba kuamua ni lini hasa mtu amekufa ni kazi ya utabibu. Baraza la Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, la jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, lilikubali kwamba kukoma kabisa kwa kazi zote za ubongo pasipo matumaini ya kurudi ni kifo. Mwaka uliofuata baraza jingine la fiqhi lililokutana Makka liliruhusu mashine iondolewe, lakini likasema hukumu za kisheria za kifo zianze pale moyo na pumzi vinapokoma. Mabaraza mawili ya wanazuoni, mwaka mmoja kati yao, na majibu mawili. Nayataja kwa heshima, kwa sababu yanaonyesha kwamba hata waliobobea waliona uzito wa jambo lenyewe.

Na uzito huo uko nyumbani kwetu zaidi kuliko maabara. Mtu anapokufa katika jamii zetu, mambo mengi huanza kuhesabiwa kuanzia saa ile. Mjane wa Kiislamu anaanza eda ya miezi minne na siku kumi. Madeni yanatangazwa ili yalipwe kabla ya mirathi kugawanywa. Mjane wa Kikristo amefunguliwa kiapo chake cha ndoa. Jamaa wanaosha, wanakafini au wanavika suti, wanazika, wanakaa matanga, kisha tanga linaanuliwa na watu wanarudi makazini. Taratibu hizi zote zinadai kwamba kifo kiwe kimetokea kweli na kitambulike na wote. Wanazuoni wa fiqhi walilijua hilo tangu zamani, ndiyo maana waliandika kurasa nyingi juu ya mtu aliyepotea safarini asijulikane yu hai au la, na wakatofautiana muda ambao mkewe angoje. Sasa muwekeni mtu katika chumba chenye pampu, ambaye cheti cha kifo kimekwisha kuandikwa, kisha seli zake zimeanza kufanya kazi tena kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukieleza. Je, mkewe akae eda, au akae kando ya kitanda? Watoto wagawane shamba, au waliuze ili kulipia siku nyingine moja ya mtambo? Wengi wenu mmekwisha kuwaona ndugu waliojazana kwenye mabenchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, wakichangishana kwa simu, wakiulizana nani ana kiwanja, na kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kutamka kwamba imetosha. Anayesema imetosha atakumbukwa na ukoo kwa maneno hayo. Tukiongeza mashine inayoahidi nusu ya matumaini bila kuongeza mtu mwenye mamlaka na huruma ya kuibeba kauli hiyo, tutakuwa tumewatwika wafiwa mzigo ambao wazee wetu hawakuujua.

Jambo linaloniumiza zaidi ni swali la nani hutangulizwa. Mwezi Mei 1968, katika mji wa Richmond jimboni Virginia, Bruce Tucker, mfanyakazi mweusi, alianguka na kuumia kichwa vibaya. Alifikishwa hospitalini akiwa na kadi ya biashara ya kaka yake mfukoni, na duka la kaka huyo la kutengeneza viatu halikuwa mbali na pale. Siku iliyofuata madaktari walimwondoa kwenye mashine na kuutoa moyo wake, wakampandikiza mzungu mmoja mfanyabiashara. Familia haikuombwa ridhaa. Walikuja kuambiwa kwamba moyo na figo havimo na mtunza maiti aliyekuwa akiuandaa mwili kwa mazishi. Kesi ilifika mahakamani, na mwaka 1972 baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi madaktari, baada ya kuruhusiwa kukihesabu kifo cha ubongo kuwa ni kifo.

Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani iliyoitwa Bioquark, ikishirikiana na daktari wa India, ilitangaza jaribio katika mji wa Rudrapur kwa watu 20 waliokwisha kuthibitishwa kufa ubongo, ili kuwadunga seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na protini ndogo, kuwamulika kwa leza na kuamsha neva zao. Baraza la Utafiti wa Tiba la India lililizuia Novemba mwaka huohuo, kwa kuwa vibali vilivyotakiwa havikupatikana. Kwa nini kampuni ya Philadelphia ilivuka bahari hadi mji mdogo wa kaskazini mwa India, badala ya kuanzia kwao, kila mmoja wenu anaweza kujijibu. Na sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi hatuhitaji kuelezwa. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Maghala ya Berlin yamehifadhi mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyochukuliwa Afrika Mashariki kwa jina la sayansi, na ni mwaka 2023 tu ndipo vipimo vya vinasaba vilipowaunganisha baadhi ya wenye mafuvu hayo na wazao wao walio hai Kilimanjaro. Waliokusanya mafuvu hayo nao walijiona ni watu wa maarifa.

Atatokea msikilizaji aseme mitambo hii haitafika kwetu leo wala kesho, na kwamba sisi bado tunahangaika na mitungi ya oksijeni. Hilo la oksijeni ni kweli, nami nitalisema waziwazi: mtoto wa nimonia anayekufa wilayani kwa kukosa hewa ya mtungi ana haki ya kutangulia mbele ya mtambo wowote wa kufufua. Lakini hilo la kutofika si kweli. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Figo hizo hutolewa na ndugu aliye hai. Hatua inayofuata mahali pengi duniani ni kuomba viungo vya waliokufa, na siku hiyo ikifika tutalazimika kusema kwa sheria mtu amekufa lini. Mitambo ya aina ya Yale, ambayo watafiti wake wanatumaini itasaidia kwanza kuhifadhi viungo vya kupandikiza, itaingia kwa mlango huohuo.

Ninachoomba ni maandalizi, na utafiti uendelee. Sheria itamke kwamba mwili wowote uliorudishiwa kazi ya ubongo kwa kiasi chochote una ulinzi uleule wa mgonjwa aliye hai, hadi ithibitishwe vinginevyo, na kwamba mashaka juu ya maumivu yaamuliwe kwa upande wake: apewe dawa ya usingizi kwanza, mjadala ufuate. Maiti zisizo na ndugu zilizomo katika mochwari zetu zisiguswe kabisa kwa majaribio ya namna hii, hata kama sheria ya elimu ya anatomia inaziruhusu zitumike kufundishia, kwa sababu hao ndio Forster na Clydesdale wa leo, tofauti ikiwa kwamba hawajaua mtu. Anayetaka kurudishwa, na anayekataa, aandike akiwa na afya yake, mbele ya mashahidi, kama anavyoandika wasia, na aruhusiwe kuweka kikomo cha siku.

Na kamati itakayotoa vibali isiwe ya madaktari na wanasheria peke yao. Akae humo shekhe, akae mchungaji, akae muuguzi wa zamu ya usiku ambaye ndiye anayewaona wagonjwa kwa saa nyingi kuliko sisi wote, na akae mwosha maiti mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Wapewe nakala za kila taarifa kwa Kiswahili, walipwe posho sawa na maprofesa, na yeyote kati yao awe na haki ya kuamuru mtambo uzimwe, kwa sababu atakayoiandika na kuitia sahihi kwa mkono wake.